Jinsi ya kuuza dinosaria wa chapa tofauti kwenye duka moja, hapa Kigoma

Nina duka la daftari, mabegi na vitu vya kuchezea watoto Mwanga, karibu na soko. Dinosaria wa plastiki wamejaza shelfu mbili, na msimu wa sikukuu wao ndio wanaolipa kodi ya fremu. Naandika haya kwa wenzangu wa Kigoma mjini, Ujiji, Kasulu na Kibondo wanaotaka kuanza biashara hii, au walioianza na sasa wanaona bidhaa zinauana shelfuni. Mfuko wa dinosaria wadogo kutoka Kariakoo unatoka haraka, wenye jina la kampuni wanakaa wanashika vumbi, na mwenye duka anaamua kwamba watu wa huku hawana hela ya kitu kizuri. Hela ipo. Kinachokosekana ni kumwonyesha mtu analipia nini.

Mimi sipangi kwa chapa, napanga kwa mnyama. T. rex wa mfukoni (wa mifuko ya Kariakoo, asiye na jina), T. rex wa Schleich ya Ujerumani na T. rex wa Mattel ya Marekani wanasimama bega kwa bega, nje ya boksi, kila mmoja na bei yake imeandikwa kwa kalamu nene. Mteja anawashika wote watatu. Mashindano yanafanyika mkononi mwake, kazi yangu ni kujibu maswali. Ila ili hilo liwezekane, wewe mwenye duka ujue vizuri ulichonacho.

Geuza tumbo kwanza

Mzigo wa dinosaria unatufikia kwa njia tatu. Mwingi unanunuliwa jumla Kariakoo na kuja kwa basi au lori. Kidogo kinaletwa na ndugu au mtu aliyepita maduka makubwa ya Dar es Salaam. Njia ya tatu, ambayo wengi wanaidharau, ni belo la midoli ya mitumba. Anayefungua belo anamwaga kila kitu kwenye turubai, magari, midoli ya nywele, vipande vya kujengea, na dinosaria humo humo, bei moja kwa pisi. Hapo ndipo unapoweza kuokota kitu cha Ujerumani kwa bei ya kitu kisicho na jina.

Usiangalie rangi. Geuza mnyama, soma tumbo, au upande wa ndani wa paja. Schleich huwa na jina lake limechapwa kwenye plastiki yenyewe, pamoja na neno Germany, mwaka, alama ya CE (ya usalama ya Ulaya) na mara nyingi maneno Made in China. Hayo ya mwisho yasikutishe wala yasimtishe mteja. Schleich ni kampuni ya Ujerumani, ilianzishwa mwaka 1935 na Friedrich Schleich, lakini kama wenzake wengi inachonga umbo kwao na kazi kubwa ya kiwandani inafanyika nje. Kwa hiyo anayekuambia "huyu feki, ameandikwa China" hajui anachosema. Na ule mwaka ni wa umbo kuchongwa, sio wa mnyama kutoka kiwandani. Ukikuta 2011 haina maana kwamba amechezewa tangu 2011.

Papo wa Ufaransa, Safari Ltd wa Marekani na CollectA nao wanachapa majina yao kwenye mwili. Asiye na jina atakuwa na neno CHINA peke yake, au tumbo tupu. Tumbo tupu si dhambi. Ni mnyama ambaye hana mwenyewe wa kumjibia, na bei yake iseme hivyo.

Baada ya kusoma, shika. Wenye chapa wengi ni plastiki iliyojaa, wazito, na mshono wa pande mbili za kalibu umesuguliwa hadi huuoni vizuri. Pitisha ukucha mgongoni mwa yule wa mfukoni, utausikia mshono wote kuanzia kichwani mpaka mkiani. Angalia na macho: kwa asiye na jina, jicho ni doa la rangi ambalo mara nyingi limeangukia shavuni. Mteja ukimwonyesha jicho haulizi tena kwa nini bei haifanani.

Kila chapa inauza kitu chake

Hapa ndipo wenzangu wengi wanapopotea, wanadhani wote wanashindana kwa bei. Schleich wanauza uimara. Miguu yao huwa minene, wakati mwingine kuliko mnyama mwenyewe alivyokuwa, lakini anasimama hata kwenye jamvi, na mtoto wa miaka minne hamvunji. Mzazi anayetaka kitu kitakachorithiwa na mdogo mtu, mpe huyo.

Papo wanauza ngozi. Mikunjo ya shingo, magamba, misuli ya taya, vyote vinaonekana, na umbo linafuata zaidi dinosaria wa sinema. Kwa sababu anavutia, ndiye anayeigwa sana. Baadhi ya T. rex wa bei rahisi unaowaona sokoni wamesimama mkao wake kabisa, wamepungua magamba tu.

Safari Ltd ilianzishwa mwaka 1982, na kuanzia 1988 hadi 2015 ilitoa mkusanyiko uliotengenezwa pamoja na jumba la makumbusho la Carnegie la Pittsburgh, kwa kipimo cha 1 kwa 40, yaani sentimita moja ya mdoli ni arobaini za mnyama. Wale bado wanatokea kwenye mitumba. Ukimpata, mtenge, usimchanganye na wa mfukoni. CollectA nguvu yao ni wanyama ambao wengine hawatengenezi, majina ambayo hata mwalimu wa sayansi hajawahi kuyasikia. Kwa mtoto ambaye tayari ana T. rex na Triceratops, hao ndio wanaomrudisha dukani.

Mattel ni habari nyingine kabisa. Tangu 2018 wao ndio wenye leseni ya dinosaria wa zile filamu za Marekani za Jurassic Park zilizoanza 1993, leseni ambayo kabla yao ilikuwa kwa Hasbro. Wanyama wao wana viungo vinavyozunguka, vifungo vya kuuma na kupiga kelele. Mtoto aliyeona filamu kwenye kibanda cha video anamtaka huyo na si mwingine, usipoteze muda kumbadilisha mawazo. Mwambie mzazi wazi tu kwamba kitu chenye viungo ndicho kinachovunjika kwenye viungo.

Ugomvi mmoja utakufika mapema, nao ni wa manyoya. Safari na CollectA wanatengeneza Velociraptor mwenye manyoya. Mteja anamshika, anacheka, anasema huyu kuku. Velociraptor wa kwenye filamu hana manyoya, ana ngozi tupu na ni mkubwa. Sasa wewe simama na ukweli. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha habari ya mfupa wa mkono wa Velociraptor kutoka Mongolia wenye vinundu vya pale manyoya yalipokuwa yameshika, kama vinavyoonekana kwenye mfupa wa bawa la ndege. Na mnyama mwenyewe alikuwa na ukubwa wa bata mzinga. Nikishaeleza hivyo, mtoto ndiye anayeshika upande wangu, na baba anafungua pochi.

Usalama, kabla ya bei

Hili silifanyii mzaha, maana watoto wanaochezea hivi vitu ni wa majirani zangu. Vipimo vya Ulaya na Marekani vinatumia silinda yenye upana wa milimita 31.7. Kitu kinachoingia chote humo kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Huna haja ya kuagiza silinda. Chukua bikari na rula ulizonazo dukani, fungua bikari milimita 16, chora duara kwenye kadibodi, likate. Dinosaria anayepita kwenye tundu hilo asiuzwe kwa mama mwenye mtoto mdogo, hata akikubembeleza. Wengi wa wale wa mfukoni wanapita. Kwenye boksi la chapa utaona duara lenye uso wa mtoto, namba 0-3, na mstari umekatiza. Mwonyeshe mteja, usisubiri aulize.

Kisha nusa. Plastiki laini inayonuka kali ukifungua mfuko, au inayonata mkononi, mimi siiweki shelfuni. Ulaya na Marekani wameweka kikomo kwa baadhi ya kemikali za kulainisha plastiki, zisizidi asilimia 0.1 kwenye vitu vya kuchezea. Dukani huwezi kupima hilo, lakini pua na vidole vinakwambia cha kukataa. Jaribu na rangi: loweka kitambaa cheupe, sugua mdomo wa mnyama. Kitambaa kikitoka chekundu, rudisha mfuko ulikonunua.

Wa mitumba waoshe kwa sabuni ya unga na mswaki wa zamani, uwaanike kivulini. Usitumie thina wala spiriti, rangi itaondoka. Walio wazi ndani na wenye tundu tumboni wakamue vizuri, maji yakibaki humo yanaota ukungu mweusi.

Anayeanguka anyooshwe

Joto la duka lenye bati Kigoma, hasa kuanzia Septemba kabla mvua haijakolea, linaharibu dinosaria wa miguu miwili. Plastiki inalainika, kifundo kinapinda, T. rex anaanza kuinamia mbele, na siku moja unamkuta amelala kifudifudi. Mteja akimwona hivyo anadhani ni mbovu. Sio mbovu.

Chota maji ya moto kutoka chupa ya chai, sio yanayochemka jikoni, weka kwenye bakuli. Mtumbukize miguu tu, mkia na kichwa vibaki nje. Subiri kidogo mpaka uhisi kifundo kimekuwa laini ukikibonyeza. Mtoe, mrudishe nyuma taratibu mpaka uzito ukae juu ya nyayo, kisha ukiwa bado umemshika hivyo hivyo mzamishe miguu kwenye maji baridi ya friji. Mshikilie mpaka apoe kabisa. Ukimwachia mapema anarudi alikokuwa. Kazi hii inakubali kwa Schleich, Papo na Safari. Kwa Mattel usithubutu, mle ndani kuna chuma na wengine wana betri. Watoto wasiachiwe kufanya wenyewe.

Na kuanzia hapo wahamishe kutoka kwenye kioo cha mbele. Jua la jioni kutoka upande wa ziwa linapiga hapo moja kwa moja, linafifisha na rangi pia. Kioo cha mbele weka wa miguu minne.

Mnyama wetu wa kusini

Kama una shelfu moja tu ya kuipendelea, iwe hii. Kilima cha Tendaguru kipo mkoa wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa ya dinosaria pale, na kuanzia 1909 mpaka 1913 makumbusho ya Berlin ikachimba. Mifupa ilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa, na kazi ya uchimbaji ilisimamiwa na Boheti bin Amrani, mtu ambaye jina lake lingestahili kujulikana kuliko linavyojulikana. Miaka ile ile reli yetu ilikuwa inasogea kutoka Dar es Salaam. Ilifika Kigoma mwaka 1914. Babu zetu huku wanaona mataruma yanalazwa, wenzao kule kusini wanabeba mifupa mabegani.

Mmoja wa wanyama wale amesimamishwa Berlin, urefu wake kwenda juu mita 13.27. Zamani aliitwa Brachiosaurus, na utafiti wa 2009 ukathibitisha kwamba anatofautiana na yule wa Marekani kiasi cha kupewa jina lake, Giraffatitan. Sasa shika dinosaria wa shingo ndefu aliyeandikwa Brachiosaurus tumboni, wa chapa yoyote. Mtazame kichwa: lile nundu la mfupa juu ya pua, miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma. Umbo hilo ambalo dunia nzima inalijua limetokana kwa sehemu kubwa na mifupa ya Tendaguru, kwa sababu ule wa Berlin ndio uliokamilika zaidi. Namweleza hivyo kila mwalimu anayeingia kununua chaki. Mmoja kutoka shule ya msingi ya huku aliuliza, "Dada, yaani huyu ni Mtanzania?" Nikamwambia, "Ndiyo mwalimu, na mwenzake huyu hapa." Nikampa Kentrosaurus, yule mwenye mabamba shingoni na miiba mgongoni hadi mkiani, naye wa Tendaguru. Aliwachukua wote wawili kwa ajili ya darasa.

Huyo Kentrosaurus ni nadra kwenye mifuko ya Kariakoo. Wengi wanaweka Stegosaurus wa Marekani. Lakini chapa kubwa zimemtengeneza, Schleich akiwemo. Hapo mwenye jina anamshinda asiye na jina bila wewe kushusha hata mia. Na uchimbaji haujaisha. Mwaka 2019 alitangazwa dinosaria mwingine, Mnyamawamtuka, kutoka bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa nchi yetu. Yule wa plastiki bado sijamwona shelfuni popote. Kampuni itakayowahi, nitakuwa mteja wake wa kwanza Kigoma.

Ukiuza T. rex na Giraffatitan pamoja, mwambie mtoto pia kwamba hawa hawakuwahi kuonana. Wa Tendaguru aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, T. rex milioni 66 na kidogo, tena Amerika Kaskazini. Na yule mwenye tanga mgongoni, Dimetrodon, aliye karibu kwenye kila mfuko, hata dinosaria sio.

Rula itakusaidia kuuza zaidi. Kwa kipimo cha 1 kwa 40, T. rex wa mita 12 awe sentimita 30, Kentrosaurus wa mita 4.5 awe sentimita 11 tu. Kampuni nyingi hazifuati kipimo kimoja, wanamlinganisha mnyama na boksi. Mtoto anayepima na kupiga hesabu mwenyewe pale kaunta haondoki na mnyama mmoja.

Bei na maneno

Usiseme "orijino" kwa kitu ambacho hujasoma tumbo lake. Mji wetu ni mdogo, mtu wa Katubuka ana shemeji Gungu, neno linafika. Wa mitumba mwite wa mitumba, andika hivyo kwenye bei.

Usipige faida kwa asilimia moja kwa wote. Chukulia dinosaria mdogo umemnunua 500, ukimuuza 1,000 umepata mara mbili na hakuna anayelalamika. Mwenye chapa umemnunua 30,000. Ukitaka mara mbili atakaa mpaka afifie. Muuze 38,000, mtaji wako urudi, na mruhusu mzazi adundulize: analipa kidogo kidogo, wewe unaandika kwenye daftari, mnyama anakaa juu ya kabati na jina la mtoto limebandikwa. Walimu na manesi wanapenda mpango huu kwa sababu unaangukia mshahara. Wageni wanaopita kwenda Gombe, na wanaofanya kazi kwenye mashirika ya wakimbizi, wanalipa mara moja, ila hao nao wanasoma tumbo kabla ya kuuliza bei, kwa hiyo usiwajaribu.

Kama mtaji ni mdogo, anza na mifuko miwili mitatu ya Kariakoo uliyokwisha kuinusa, T. rex mmoja wa Schleich, mmoja wa shingo ndefu wa chapa yoyote, na chochote utakachookota kwenye belo. Kentrosaurus mwagize mapema kwa mtu anayekwenda Dar, umpe picha ya tumbo kwenye simu ili usiletewe mwingine. Mattel mwache mpaka Novemba, ndipo watoto wanapomtaja kwa jina, na boksi lake ulihifadhi hata kama umemtoa nje, kwa sababu anayenunua zawadi atakuuliza lilipo.